Degedege, Malaria na Uti wa Mgongo: Ugonjwa Uliokosa Jina Lake Rufiji

Nina ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, asiyesikia. Anaishi katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Kibiti, na kazi yake ni kuchonga na kukarabati mitumbwi. Watu wa kijijini humwita Bubu. Hawamwiti hivyo kwa kumdhihaki. Ni jina tu, kama mwingine anavyoitwa Kipara au Mrefu. Lakini hakuzaliwa bubu. Hadi umri wa miaka minne alisikia na kusema, na kwa ushahidi wa bibi yetu alikuwa na mdomo kuliko watoto wote wa ua ule.

Masika ya mwaka 1988 aliugua. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimepelekwa kwa bibi wakati wa likizo fupi, kwa hiyo mengine niliyaona mwenyewe na mengine nimesimuliwa. Ilianza homa. Siku ya pili alitapika na kukataa uji. Siku ya tatu alilia kila alipoinuliwa, akawa anageuzia uso ukutani, mbali na mwanga wa mlangoni. Usiku wake mwili ulikakamaa, kichwa kikavutika nyuma kana kwamba kuna mkono unaokivuta, macho yakapinduka. Bibi alitamka neno moja tu: dege. Mtoto alifukizwa majani na kupakwa dawa, na mama mdogo akaonywa asithubutu kumpeleka kuchomwa sindano, kwa sababu mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Baba mdogo hakukubali. Alisubiri maji yajae, wakampakia mtumbwini, na baada ya safari ya nusu siku wakafika kwenye zahanati. Hapo tabibu msaidizi aliandika katika kadi yake maneno mawili: malaria kali. Alimchoma sindano za kwinini na, kwa kuwa hakuwa na uhakika au kwa kuwa ndivyo alivyozoea, akaongeza za penisilini. Mtoto akapona. Wiki chache baadaye mama mdogo akagundua kwamba akimwita kwa nyuma, hageuki.

Mimi ni mwalimu wa historia. Shahada yangu ya uzamivu hainipi ruhusa ya kutibu hata mafua, na sitajifanya tabibu katika makala haya. Ila nimejiuliza kwa miaka mingi: ndugu yangu aliugua nini? Bibi alikuwa na jibu, tabibu alikuwa na jibu, na mimi baadaye, nikiwa mwanafunzi, nilipata jibu la tatu katika kitabu cha maktaba: shingo iliyokakamaa, kuogopa mwanga, kutapika, mtukutiko, kisha uziwi. Kitabu kiliita hali hiyo homa ya uti wa mgongo. Kusema kweli jibu langu halina nguvu kuliko ya wenzangu wawili, kwa maana kwinini nayo hudhuru masikio, na malaria kali nayo huacha ulemavu. Kitu pekee ambacho kingeamua kesi hii ni matone machache ya maji kutoka mgongoni mwa mtoto, na matone hayo hakuna aliyeyachukua. Ninachotaka kueleza leo ni namna ambavyo katika Rufiji, mahali ambapo dola yetu ilijifunza kuhesabu vifo kwa makini kuliko karibu kila mahali nchini, ugonjwa huu uliweza kuua na kulemaza bila kuandikwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa jina letu la Kiswahili linapotosha kidogo. Ubongo, pamoja na uti wa fahamu unaoteremka ndani ya mfupa wa mgongo, umefunikwa na tando tatu nyembamba. Kati ya tando hizo hupita maji maangavu. Vijidudu vikiingia humo, tando huvimba, maji hugeuka kuwa machafu, ubongo hubanwa ndani ya fuvu lisilotanuka. Kwa hiyo shina la ugonjwa liko kichwani. Mgongo umeingia katika jina kwa sababu ndiko maji hayo yanakochukuliwa kwa vipimo, na kwa sababu shingo na mgongo hukakamaa. Mama anayeambiwa kuwa mwanawe ana “uti wa mgongo” humpapasa mtoto mgongo akitafuta mfupa uliovunjika. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Siku hizi umezuka mkanganyiko mwingine: wanafunzi wangu wanaandika “UTI ya mgongo”, wakichanganya na yale maambukizi ya njia ya mkojo ambayo kila maabara ya mtaani humwambia kila mteja kuwa anayo. Laiti waliotafsiri wangesema homa ya utando wa ubongo, pengine tungeokoa muda. Lakini majina hayaamuliwi na wahadhiri.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba jina hili linataja mahali palipovamiwa, wala halimtaji mvamizi. Wavamizi ni wengi. Yumo meningokokasi, bakteria anayeleta milipuko. Yumo nyumokokasi, ambaye pia huleta nimonia. Yumo Hib, aliyekuwa tishio kubwa kwa watoto wadogo. Umo kifua kikuu. Vimo virusi, ambavyo mara nyingi huleta ugonjwa usio mkali. Na yupo kuvu aitwaye kriptokokasi, nitakayemrudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika watu sita wanaopata uti wa mgongo wa bakteria mmoja hufa, na kwamba mmoja kati ya watano hubaki na madhara makubwa. Uziwi ni miongoni mwa madhara yanayoonekana zaidi. Hizo ni hesabu za dunia, ambamo wamo wanaofika hospitali mapema. Bila dawa, uti wa mgongo wa bakteria huwaua wengi wa wanaoupata, na huweza kufanya hivyo kati ya asubuhi na jioni.

Kama ugonjwa ulioandikwa, historia yake inaanzia Geneva mwaka 1805, ambako tabibu Gaspard Vieusseux alieleza mlipuko uliowaua watu kwa haraka ya kutisha. Anton Weichselbaum alimtambua bakteria wa meningokokasi mwaka 1887. Mwaka 1891 Heinrich Quincke, Mjerumani, akaeleza njia ya kuingiza sindano kati ya pingili za mgongo na kutoa yale maji. Zingatia tarehe hizo. Mwaka uleule wa 1891 ndipo serikali ya Ujerumani ilipoichukua rasmi pwani yetu kutoka mikononi mwa kampuni. Kwa maneno mengine, elimu ya kuutambua ugonjwa huu na mamlaka ya kikoloni vilikuja na taifa lilelile, katika muongo uleule. Mamlaka yalifika Mohoro na Utete. Sindano ya Quincke haikuvuka mto.

Kumbukumbu za kwanza zinazouleta uti wa mgongo karibu na Rufiji kwa jina lake ni za vita. Wasomaji wengi wanaijua habari ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha katika mifereji ya delta baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Watalii huonyeshwa mahali ilipozama. Wasioonyeshwa ni wapagazi. Januari 1917 majeshi ya Waingereza yalifika Rufiji, kisha masika ya mwaka huo yakafurika kupita kiasi, na askari pamoja na wapagazi wao wakakwama katika tope kwa miezi, wakila nusu posho na chini ya hapo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi mno waliuawa na maradhi kuliko risasi. Orodha za maradhi hayo hutanguliza kuhara damu, malaria na nimonia, na ndani yake umo pia uti wa mgongo, jambo lisiloshangaza: meningokokasi husafiri kwa pumzi na mate, na hakuna kinachompendeza kama kambi ya vijana waliorundikwa pamoja, wamechoka na wana njaa. Majina ya wengi wa wapagazi hao hayapo. Tulichobaki nacho ni nambari na aina ya ugonjwa, na hata aina ya ugonjwa iliandikwa tu pale alipokuwepo daktari wa kuiandika.

Baada ya vita ugonjwa ulirudi kwenye ukimya. Sababu moja ni ya kijiografia. Mwaka 1963 daktari Mfaransa, Lapeyssonnie, alichora kile kinachoitwa ukanda wa uti wa mgongo: eneo kavu chini ya Sahara, kutoka Senegal hadi Ethiopia, ambako majira ya vumbi huleta milipuko mikubwa. Ukanda ule haukugusa delta yenye mikoko na matope. Siku hizi Shirika la Afya Duniani huitaja Tanzania miongoni mwa nchi 26 za Afrika zilizo hatarini, kwani milipuko imeteremka hadi kwa majirani na kwetu. Nairobi ilipata mkubwa mwaka 1989. Lakini Rufiji ugonjwa huu haukuwa na tabia ya mlipuko. Ulichukua mtoto mmoja kijiji hiki mwezi huu, mwingine ng’ambo ya mto mwezi ujao. Na kifo cha namna hiyo hakimleti mkuu wa mkoa wala hakiandikwi gazetini. Kipindupindu kina historia ndefu katika pwani hii kwa sababu hupiga kelele.

Sababu ya pili ni kwamba nafasi ya ugonjwa huu katika lugha ilikuwa tayari imeshikwa. Rufiji, kama Bagamoyo na pwani nzima, ina degedege. Si jina la kijinga kama wanavyodhani baadhi ya wataalamu wetu wanaokuja na semina. Ni jina la dalili zinazoonekana: mtoto mwenye homa anayekakamaa, anayetukutika, anayepinduka macho. Wazee walilihusisha na ndege mkubwa, au pepo mwenye umbo la ndege, anayepita juu ya mtoto usiku. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walieleza vizuri mfumo wa tiba yake: kufukiza, kukanda, dawa za mitishamba, na ile hofu ya sindano niliyoisikia kwa bibi.

Hofu hiyo nimeifikiria sana, na naamini ina mantiki kuliko tunavyokiri. Katika nchi ambayo zahanati iko mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi, mtoto anayefika kuchomwa sindano ni yule ambaye tayari yu mahututi. Wengi wa watoto hao walikufa, na walikufa baada ya sindano. Watu waliona, wakaunganisha. Hofu ya leo ya sindano ya mgongoni, ile ya kuchukua maji ya vipimo, imejengwa kwa matofali yaleyale. Utasikia Ikwiriri, utasikia Kibiti, na utaisikia hata Dar es Salaam miongoni mwa watu wenye shahada: “Akishatobolewa mgongo, hakai.” Hatobolewi ila aliyezidiwa, na aliyezidiwa mara nyingi hakai.

Ndipo likaja jina la tatu, lililoyameza mawili ya kwanza. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilisukuma zahanati vijijini, na Rufiji kwa namna ya pekee, kwa maana Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, iliwahamisha watu wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya juu kaskazini mwa mto. Zahanati zilipata tabibu msaidizi, muuguzi na klorokwini. Hazikupata maabara. Basi homa ikawa malaria. Kampeni za miaka ya 1980 na 1990 zilikwenda mbele zaidi: ziliwafundisha akina mama kwamba degedege ndiyo malaria kali, hivyo waache mganga wakimbilie zahanati. Fundisho hilo liliokoa watoto wengi, nami silipingi. Nasema tu kwamba lilikuwa na mlango uliofungwa ndani yake. Kama degedege ni malaria, na malaria ina dawa yake, basi hakuna swali lililobaki la kuulizwa.

Hapa tunafika kwenye sura ambayo kila mtumishi wa umma anapaswa kuijua. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zinaweza kupunguza vifo kwa fedha kidogo, ikiwa zitatumika kwa magonjwa yanayoua zaidi. Wizara yetu ya Afya na shirika la Kanada la IDRC wakaamua kulijaribu dai hilo, na wilaya mbili zikachaguliwa: Morogoro Vijijini na Rufiji. Mradi uliitwa TEHIP. Ili kujua kinachoua, Rufiji ilianzishiwa mfumo wa ufuatiliaji wa watu, wenye kituo Ikwiriri. Kuanzia sensa yake ya mwishoni mwa 1998 watu wapatao 85,000 walitembelewa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne. Aliyezaliwa aliandikwa, aliyehama aliandikwa. Na penye kifo, mhojaji alirudi baada ya matanga na kuwauliza wafiwa: alianza kuumwa lini, alikuwa na homa, alitukutika, alikohoa, mlimpeleka wapi? Madaktari wakazisoma fomu hizo na kukadiria sababu.

Matokeo yaliwaaibisha waliokuwa wakipanga bajeti kwa mazoea. Malaria ilikuwa ikichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku bajeti ya 1996 ikiitengea asilimia 5. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilitengewa asilimia 22. Wilaya zikazigeuza hesabu. Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Wilaya hazikuweza kutumia zaidi ya senti 80 hivi. Kwa nyongeza hiyo ndogo, pamoja na mafunzo na mpangilio bora, vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Ninapowafundisha wanafunzi wangu historia ya sera za afya, hapa husimama kidogo, kwa sababu wamezoea kusikia kwamba hakuna kilichowahi kufanikiwa.

Kutoka data hizohizo za Rufiji ulitoka mwaka 2004 utafiti mmoja ambao ungepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Watafiti walifuatilia safari za wagonjwa waliokufa kwa kile kilichokadiriwa kuwa malaria. Karibu wanne kati ya watano walikuwa wamekwenda kwanza kwenye tiba ya hospitali au zahanati, wakiwemo waliokuwa na degedege. Ule wimbo tuliouimba miaka yote, kwamba watu wa Rufiji wanakufa kwa sababu wanang’ang’ania waganga, ulikuwa umepitwa na wakati. Baba mdogo wangu hakuwa wa ajabu. Watu walikuwa wakienda. Tatizo ni walichokikuta walipofika, au walikuwa wamefika siku ngapi baadaye.

Lakini tazama ile fomu. Wafiwa waliulizwa walichokiona: homa kali na mtukutiko wa mtoto. Hayo ni maelezo ya malaria ya ubongo. Ni maelezo ya uti wa mgongo pia. Kwa njia ya mahojiano, hata yakifanywa kwa uadilifu wote, mtoto aliyeuawa na nyumokokasi anaweza kuingia safu ya malaria na kubaki humo milele. Si lawama kwa waliofanya kazi ile. Walitumia chombo kilichokuwepo. Nasema tu kwamba hesabu bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo vijijini ilirithi upofu wa kadi ya ndugu yangu.

Ukubwa wa upofu huo ulipimwa kwingine. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Chini ya nusu yao ndio walioonekana kuwa na vimelea vya malaria damuni. Waliokuwa navyo walikufa kwa asilimia 6.9, wasiokuwa navyo, yaani wale waliopewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, walikufa kwa asilimia 12.1. Wengi wao hawakupewa dawa ya bakteria. Miaka mitano kabla ya hapo, watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walikuwa wameonyesha kwamba kwa mtoto aliyepoteza fahamu dalili za nje pekee hazitoshi kutenganisha malaria ya ubongo na uti wa mgongo wa bakteria. Lazima maji yachukuliwe. Kilifi na Kibiti zinafanana kwa bahari, mikoko, lugha na mbu. Tofauti ni kwamba Kilifi kulikuwa na maabara ya utafiti hatua chache kutoka wodini.

Mwongozo wa kutibu watoto uliofundishwa katika zahanati za Rufiji wakati wa TEHIP ulilitambua tatizo hili na kulitatua kwa unyenyekevu: mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa, au aliyetukutika, au asiyeweza kunywa, apewe dozi ya kwanza ya dawa ya malaria pamoja na ya bakteria, kisha apelekwe hospitali mara moja. Nilipousoma mwongozo huo kwa mara ya kwanza niliucheka, kisha nikanyamaza. Ndicho alichokifanya yule tabibu msaidizi mwaka 1988, isipokuwa rufaa.

Na rufaa ndiyo mtihani wa delta. Kutoka visiwa vya Kiongoroni, Msala au Maparoni unapanda boti kulingana na maji, unafika Nyamisati au bandari nyingine ya bara, unatafuta chombo hadi barabara kuu, ndipo ufike Kibiti au hospitali ya misheni ya Mchukwi. Zamani hospitali ya wilaya ilikuwa Utete, ng’ambo ya mto, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 palikuwa na kivuko cha Ndundu, ambacho mto ukijaa kilikuwa na sheria zake. Mwaka 2017, wakati wa mauaji ya Kibiti, pikipiki zilipigwa marufuku usiku katika eneo hilo. Sababu za kiusalama zilieleweka. Viongozi wa vijiji na askari walikuwa wameuawa. Hata hivyo bodaboda ndiyo gari la wagonjwa la Kibiti, na uti wa mgongo hauhesabu saa za kazi. Sijaona mtu aliyeandika ni wagonjwa gani walisubiri alfajiri katika miezi ile. Natamani mwanafunzi mmojawapo alichukue swali hilo kabla wanaokumbuka hawajasahau.

Mambo mengine yamebadilika kimyakimya, na kwa uzuri. Mwaka 2009 chanjo ya Hib iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Tanzania, ndani ya ile chanjo ya magonjwa matano. Kuanzia 2013 ikaongezwa ya nyumokokasi. Kenya ilitutangulia mwaka 2001, na huko Kilifi magonjwa makali ya Hib yalipungua kwa asilimia 88 ndani ya miaka mitatu. Miaka hiyohiyo vipimo vya haraka vya malaria vilienea katika zahanati zetu, na kwa mara ya kwanza muuguzi wa kisiwani aliweza kusema “hii siyo malaria.” Ni sentensi fupi yenye uzito mkubwa, kwa sababu inalazimisha swali la pili: basi ni nini?

Kwa watu wazima jibu mara nyingi ni yule kuvu niliyemtaja, kriptokokasi, anayewashambulia hasa wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Huishi katika udongo na kinyesi cha ndege, njiwa hasa. (Najua kuna msomaji atakayefurahi kwamba ndege wa wazee amepatikana. Asifurahi sana, degedege ni ya watoto, kuvu huyu ni wa watu wazima.) Dalili zake huja polepole, kichwa kuuma kwa wiki nzima na zaidi, na mgonjwa humaliza paketi za dawa za maumivu kabla ya kufika hospitali. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuwapima kuvu huyu wanaoanza dawa za VVU wakiwa na kinga ya chini, pamoja na kuwatembelea nyumbani wiki za mwanzo, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Waliotembelea nyumbani walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi.

Mwaka juzi, nikiwa kwa ndugu zangu, niliomba kuona daftari la wagonjwa katika zahanati moja ya delta. Muuguzi alinionyesha fomu ya wiki ya magonjwa yanayotolewa taarifa. Uti wa mgongo una safu yake, kando ya kipindupindu na surua. Nilifungua kurasa za miezi kadhaa. Sufuri, sufuri, sufuri. Nikamuuliza kama kweli hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo. Akasema amewaona, hata mwaka ule. “Nikimshuku, mwalimu, namwandikia rufaa. Hapa nabaki na homa tu. Jina analipewa huko mbele, nasi huku haturudishiwi.”

Nilimuuliza pia kuhusu madaftari ya zamani, ya miaka ya 1980. Akanionyesha sanduku nyuma ya stoo ya dawa. Mchwa walikuwa wamekula karibu nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa ikisubiri kuchomwa moto ili kupata nafasi. Nimeandika makala haya kwa sehemu kubwa kwa ajili ya sanduku hilo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa kienyeji. Ipo idara ya taifa yenye mamlaka hayo. Kwa hiyo nawaomba waganga wafawidhi, makatibu wa afya na watendaji wa kata wanaonisoma, hususan wa Kibiti na Rufiji: msichome madaftari hayo. Andikeni barua kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au niandikieni mimi nije na wanafunzi wangu, tukae sakafuni tuyapige picha ukurasa kwa ukurasa. Katika lile nililolinusuru siku ile, mwezi wa nne wa mwaka 1988 upo. Mstari wa ndugu yangu unasomeka vizuri: jina, umri, kijiji, kwinini, penisilini. Safu ya mwisho, inayouliza hali yake alipoondoka, imejazwa neno “nafuu”.